Sera nzuri, shule ndogo: hesabu inayokwamisha mageuzi ya elimu vijijini

Kila mageuzi ya elimu nchini Tanzania yanapofikisha mwaka wa pili au wa tatu, hukumu yake hutolewa kwa maneno yaleyale: sera ni nzuri, tatizo ni utekelezaji. Husemwa bungeni wakati wa kuchangia bajeti ya wizara, husemwa kwenye semina za wadau, na husemwa kijijini wazazi wanapojadili matokeo ya mtihani. Kauli hiyo haimgusi aliyetunga sera, na wala haimtaji anayelaumiwa, lakini kila msikilizaji anamjua. Ni mwalimu wa shule ya serikali iliyo mbali na lami, anayedaiwa kung'ang'ania mazoea, kukaririsha watoto badala ya kuwafikirisha, na kuandaa azimio la kazi na andalio la somo kwa ajili ya macho ya mthibiti ubora tu.

Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 kwa Elimu ya Awali, Darasa la Kwanza na Darasa la Tatu sasa umefika katika hatua hiyo ya kuhukumiwa. Unatokana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, na mambo yake makuu yanajulikana: elimu ya lazima ya miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari, ujifunzaji unaojenga umahiri, na mikondo miwili ya sekondari, wa jumla na wa amali, yaani wa ufundi stadi. Malalamiko kwamba hayo hayatekelezwi ipasavyo vijijini ni ya kweli. Kinachobishaniwa ni sababu yake, na katika ubishi huo upande mmoja umepewa kipaza sauti kwa muda mrefu kuliko mwingine.

Upande wa serikali una hoja nzito. Safari hii mageuzi hayakumwagwa shuleni kwa siku moja. Yamepangwa kwa awamu, darasa baada ya darasa, ili vitabu na mafunzo yaweze kwenda sambamba. Miundombinu imeongezeka kwa kasi ambayo haikuwahi kuonekana: kwa fedha za mpango wa kukabiliana na UVIKO-19 peke yake yalijengwa madarasa 15,000, yakiwamo 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, yaani zile shule ndogo zinazoanzishwa ili watoto wa vitongoji vya mbali wasitembee hadi shule mama. Ada iliondolewa hadi Kidato cha Nne kuanzia Januari 2016, na baadaye hadi Kidato cha Sita. Upo pia mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, unaomtaka mwalimu ajifunze hukohuko shuleni kwake pamoja na wenzake badala ya kungoja semina ya mjini. Anayesema kwamba serikali imetunga sera kisha ikalala hasemi kweli.

Tena, serikali inaweza kujibu kwamba kungoja hadi kila shule iwe tayari ni sawa na kutofanya mageuzi kabisa. Mtoto aliyeingia Darasa la Tatu mwaka 2024 hawezi kuwekwa pembeni hadi nyumba za walimu zikamilike. Na zipo takwimu zinazomwelemea mwalimu mwenyewe: uchunguzi wa Benki ya Dunia kuhusu utoaji wa huduma shuleni, uliofanyika Tanzania mwaka 2014, uliwakuta karibu nusu ya walimu hawamo darasani wakati wa ziara ambazo hawakuarifiwa, ilhali wengi wao walikuwa ndani ya eneo la shule. Hakuna upungufu wa vitabu unaoweza kueleza kwa nini mwalimu aliyefika kazini hakuingia darasani, na yeyote anayemtetea mwalimu wa kijijini, kama ninavyofanya hapa, hana budi kuanza kwa kuikubali takwimu hiyo. Ni ugonjwa wa usimamizi, nao upo mijini na vijijini.

Lakini ugonjwa huo si uleule unaoizuia shule ya kijijini kutekeleza mtaala mpya, na kuichanganya miwili hiyo ndiko kunakotupotosha. Ili kuutambua huo wa pili inatosha kufanya hesabu ambayo kila mwalimu mkuu wa shule ndogo huifanya kila Januari.

Kipimo kikuu kinachotumika kupanga walimu wa shule za msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Tuichukue shule ya kijiji yenye wanafunzi 180, kuanzia Awali hadi Darasa la Saba. Kwa kipimo hicho shule inastahili walimu wanne, na ikiwa nao, katika taarifa ya halmashauri itahesabiwa kuwa ikama yake imetimia. Haitatajwa popote miongoni mwa shule zenye upungufu. Sasa tuyahesabu madarasa badala ya watoto. Awali ni moja, na kuanzia la Kwanza hadi la Saba ni saba, jumla manane. Walimu wanne kwa madarasa manane maana yake ni kwamba, hata wote wakiwa wazima, wakiwa shuleni, na wakifundisha bila kupumzika kuanzia kengele ya kwanza hadi ya mwisho, nusu ya madarasa hayana mwalimu kila saa ya kila siku ya mwaka mzima. Mwalimu mkuu naye yumo katika hao wanne. Akiitwa halmashauri kwa kikao, wanabaki watatu. Mwalimu mwingine akiwa katika likizo yake halali ya uzazi ya siku 84, wanabaki wawili, na kila mmoja ana madarasa manne.

Hiyo ni shule ambayo kwenye karatasi haina tatizo. Shule ya mjini yenye wanafunzi 1,800, kwa kipimo hichohicho, inapata walimu 40. Madarasa yake yamejaa, ni kweli, pengine watoto themanini chumba kimoja, lakini kila chumba kinaweza kuwa na mtu mzima anayefundisha na bado wakabaki wa kumshikia nafasi aliyeugua. Zote mbili zimetendewa sawa na kanuni. Zipo vilevile shule za vijijini zenye shida ya pande zote mbili, hasa katika mikoa ya Katavi, Geita, Tabora na Simiyu, ambako watoto ni wengi na walimu hawafiki hata hiyo ikama ya vichwa. Lakini nimeichagua makusudi shule iliyotimiziwa haki yake yote, ili isisemwe kwamba hoja imejengwa juu ya halmashauri moja iliyozembea.

Ndani ya shule hiyo ndimo mtaala wa umahiri unamotakiwa kuishi. Mtaala huo unamtaka mwalimu amwangalie mtoto mmojammoja anavyofanya kazi, awapange katika vikundi, asikilize majibu yao yasiyotabirika, aweke kumbukumbu za maendeleo yao na afanye tathmini endelevu badala ya kungoja jaribio la mwisho wa muhula. Kila jambo katika hayo linahitaji mwalimu awepo. Ukaririshaji, kwa upande wake, ndiyo njia pekee inayoweza kuendelea pasipo mwalimu: kiranja anaweza kupewa chaki na kitabu akaandika maelezo ubaoni, wenzake wakanakili kimya hadi mwalimu atakaporudi kutoka darasa la jirani. Hakuna kiranja anayeweza kuongoza udadisi wa wenzake ishirini. Kwa hiyo mwalimu mwenye madarasa mawili anapochagua kunakilisha katika moja ili afundishe katika jingine, hafanyi hivyo kwa kuupinga mtaala wala kwa kukosa mafunzo. Amechagua njia inayowezekana, na hata akirudishwa chuoni miaka miwili atarudi akaichague tena.

Ndiyo sababu mafunzo kazini, pamoja na uzuri wake, hayatoshi kuwa jibu. MEWAKA inadhani kwamba shuleni ipo jumuiya ya walimu inayoweza kuketi pamoja na kujadili somo. Katika shule ya walimu wanne, muda wa kuketi unatoka wapi kama si katika vipindi vya watoto? Mwalimu wa hisabati aketi na nani, ikiwa mwalimu mwingine wa hisabati yuko kijiji cha pili? Mahudhurio ya mafunzo yatajazwa, taarifa itatumwa kwa Afisa Elimu Kata, na katika majumuisho ya mkoa shule itaonekana imeshiriki.

Fedha nazo zinafuata mkondo huohuo wa vichwa. Ruzuku ya shule ya msingi ilipangwa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, mwaka 2002, kuwa dola 10 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambazo wakati ule zilikuwa sawa na takriban Sh 10,000. Shilingi hizo elfu kumi ziliendelea kuwa elfu kumi miaka ilivyokwenda na bei zilivyopanda, hata thamani yake ikaporomoka chini ya dola tano. Elimu bila malipo ilipoanza 2016, Sh 4,000 katika hizo zilibakizwa juu kwa ajili ya vitabu na Sh 6,000 zikaelekezwa shuleni. Kwa shule yetu ya watoto 180 hiyo ni Sh 1,080,000 kwa mwaka, yaani Sh 90,000 kwa mwezi, za chaki, karatasi, mitihani ya ndani, michezo, ukarabati mdogo na uendeshaji wa ofisi. Gharama nyingi kati ya hizo hazitegemei idadi ya watoto: safari ya mwalimu mkuu kupeleka taarifa wilayani ina nauli ileile iwe shule ina watoto 180 au 1,800, isipokuwa kwamba wa kijijini ndiye anayesafiri mbali zaidi. Zamani pengo hilo lilizibwa na michango ya wazazi. Januari 2018 Rais John Magufuli aliipiga marufuku michango shuleni, kwa sababu ambazo wazazi wengi maskini walizishukuru na ambazo hata mimi siwezi kuzibeza, kwa kuwa watoto walikuwa wakirudishwa nyumbani kwa kudaiwa. Lakini shule iliyokuwa ikiishi kwa michango hiyo haikupewa kingine cha kuishi nacho.

Wanaosema kwamba mwalimu hataki mabadiliko wangefanya vyema kukumbuka kuwa umahiri si jambo jipya. Mtaala wa 2005 nao ulijengwa juu ya umahiri, nao ulikataa ukaririshaji, nao ulisifiwa. Uliingia shuleni wakati uleule ambapo shule za sekondari za kata zilikuwa zikifunguliwa kwa wingi na walimu wake wakiandaliwa kwa kozi za muda mfupi mno, hata wananchi wakawabandika jina la voda fasta. Matokeo ya Kidato cha Nne ya 2012 yalipotoka, watahiniwa takriban sita katika kila kumi walipata daraja sifuri, Waziri Mkuu akaunda tume, matokeo yakachakatwa upya, na mwalimu akalaumiwa. Kabla ya hapo, Azimio la Musoma la 1974 lilikuwa limelivuta lengo la elimu ya msingi kwa wote (UPE, kwa kifupi cha Kiingereza) kutoka 1989 hadi 1977, na vijana waliomaliza darasa la saba wakakabidhiwa madarasa ya vijijini baada ya mafunzo ya haraka. Walifanya kazi kubwa ya kuwafikisha watoto wa nchi nzima shuleni, na shukrani waliyoipata ni kuitwa walimu wa UPE kwa sauti ya dharau hadi walipostaafu. Inashangaza kwamba katika vizazi vitatu vya mageuzi, aliyeonekana kutokuwa tayari kila mara ni yuleyule, ingawa watu wenyewe ni tofauti kabisa.

Jambo jingine linalomfunga mwalimu ni kwamba hana mwajiri mmoja wa kumsikiliza. Sera iko Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia. Mtaala na vitabu viko Taasisi ya Elimu Tanzania. Mtihani uko Baraza la Mitihani. Shule yenyewe, mshahara na uhamisho viko chini ya halmashauri na TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa. Masuala ya utumishi na nidhamu yake yako Tume ya Utumishi wa Walimu. Mthibiti ubora anayekuja kumkagua anaripoti wizarani, ilhali anayeweza kumletea mwalimu wa tano ni mamlaka nyingine kabisa. Mthibiti anaweza kuandika mara tatu mfululizo kwamba shule ina upungufu wa walimu kulingana na madarasa, na taarifa yake ikawa sahihi, na isimlazimishe yeyote. Wakati huohuo mkurugenzi wa halmashauri anapimwa kwa ufaulu wa Darasa la Nne na la Saba. Basi mwalimu mkuu mwenye walimu wanne huwapanga wawili bora katika madarasa ya mtihani, huandaa kambi ya masomo, na huyaacha Darasa la Kwanza na la Pili yakijisomea. Huko chini ndiko mtoto anakojifunza kusoma, na asiyejua kusoma akiwa Darasa la Tatu hakuna umahiri utakaomjia baadaye. Kila mtu katika mlolongo huo ametimiza wajibu aliopimwa nao.

Haya yote ni madogo yakilinganishwa na kinachokuja Januari 2028, na nashangaa kwamba hakizungumzwi kila wiki. Watoto walioanza na mtaala mpya katika Darasa la Tatu mwaka 2024 wanamaliza elimu ya msingi Darasa la Sita mwishoni mwa 2027. Waliowatangulia kwa mwaka mmoja, ambao mwaka 2024 walikuwa Darasa la Nne kwa mtaala wa zamani, wanamaliza Darasa la Saba mwishoni mwa 2027 hiyohiyo. Makundi mawili yanaingia Kidato cha Kwanza siku moja. Si hivyo tu: katika miaka ya karibuni, kati ya watoto mia wanaofanya mtihani wa Darasa la Saba, takriban themanini ndio waliofaulu kuendelea. Elimu ya lazima ya miaka kumi haina maana ikiwa mtoto anaweza kukatwa katika mwaka wa sita, kwa hiyo wale ishirini nao wanapaswa kuendelea. Palipokuwa na themanini patakuwa na mia mbili, yaani mara mbili na nusu. Hata tukipunguza kwa ajili ya watoro na wanaoacha shule, bado tunazungumzia nchi ambayo zaidi ya watoto milioni moja hufanya mtihani wa Darasa la Saba kila mwaka. Na wimbi hilo halipiti kwa mwaka mmoja. Litakuwa Kidato cha Pili 2029, cha Tatu 2030, na litaondoka na mtihani wa Kidato cha Nne 2031.

Mjini wimbi hilo litaonekana kama msongamano. Kijijini litakuwa na sura nyingine, kwa kuwa sekondari ya kata mara nyingi ni moja na vijiji ni vinne au vitano. Mtoto anayemaliza Darasa la Sita ana miaka kumi na miwili hivi. Leo tayari wapo wanafunzi wanaopanga vyumba karibu na shule, maarufu kama mageto, kwa kuwa kutoka nyumbani hakufikiki kila siku, na kila mwalimu wa sekondari ya kata anajua mimba na utoro vinavyotokana na maisha hayo. Mageuzi yanamshusha umri mtoto wa kuishi humo kwa mwaka mmoja na, katika mwaka wa kwanza, yanaongeza zaidi ya mara mbili idadi ya wanaohitaji mahali pa kulala. Mradi wa kuboresha elimu ya sekondari, SEQUIP, umejenga sekondari mpya katika kata zisizokuwa nazo, pamoja na shule za wasichana za sayansi za mikoa, na bila kazi hiyo hesabu ingekuwa mbaya zaidi. Lakini jengo la kata halifupishi njia ya kijiji cha mwisho, na walimu wa hisabati na fizikia hawajengwi kwa fundi.

Haki inanitaka niseme upande wa pili wa 2028, ambao hata watetezi wa sera hawautaji vya kutosha: Darasa la Saba linaondoka. Shule yetu ya msingi yenye walimu wanne itakuwa na madarasa saba badala ya manane, na chumba kimoja kitakuwa wazi. Hiyo ni nafuu ya kweli, ya kwanza ambayo shule ndogo imepata kutoka kwenye sera kwa miaka mingi. Hofu yangu ni kwamba haitaachiwa. Miaka michache iliyopita walimu wa masomo ya sanaa waliozidi sekondari walihamishiwa shule za msingi. Sekondari zitakapofurika, itakuwa rahisi kugeuza safari hiyo na kuwachukua wenye shahada walioko msingi, na kwa kipimo cha vichwa itaonekana ni sawa kabisa, kwa kuwa shule iliyopoteza darasa zima imepoteza pia watoto wa darasa hilo, na ikama yake imeshuka.

Kuhusu mkondo wa amali nitasema kidogo, kwa kuwa ulianza na shule chache zisizofika mia moja na bado ni mapema. Wazo lenyewe ni zuri, na mtoto wa mkulima ndiye angelihitaji zaidi. Ila amali inataka karakana, vifaa vinavyoisha na kununuliwa tena, na mwalimu mwenye ufundi mikononi, na shule yenye Sh 90,000 kwa mwezi haina hata bajeti ya misumari. Ikiwa mkondo huo utawekwa mahali penye karakana tu, basi utakuwa mkondo wa mijini na wa shule za watu binafsi, na kijiji kitabaki na mkondo wa jumla kwa jina.

Mtetezi wa kanuni ya vichwa atauliza: ni kipimo gani kingine? Swali lake ni la haki. Uwiano wa 1:45 ni rahisi kueleweka, unazuia upendeleo, na unamnyima mwanasiasa nafasi ya kuvuta walimu kwao. Walimu ni wachache, na mwalimu anayewekwa mbele ya watoto ishirini na wawili kijijini ametolewa mahali ambapo watoto tisini wanamngoja. Hilo ndilo jibu gumu kuliko yote kwa hoja yangu, na silikwepi: mtoto wa darasa lenye watoto tisini naye anaonewa. Ila huyo anashiriki mwalimu na wenzake, na yule wa kijijini hana wa kushiriki. Kuna kiwango ambacho chini yake shule si shule, na kanuni ya uwiano haikioni, kwa kuwa inagawanya tu.

Nchi hii hii imeshawahi kupima kwa namna nyingine ilipoamua jambo kuwa haki ya kila mahali. Usambazaji wa umeme vijijini chini ya Wakala wa Nishati Vijijini, REA, haukuhesabiwa kwa vichwa. Ulihesabiwa kwa vijiji, vyote 12,318, na kijiji kidogo cha mwisho kilidai nguzo zake sawa na kikubwa. Ingetumika kanuni ya wateja kwa kila kilomita ya waya, vijiji vingi visingewaka hadi leo. Kwa elimu, kanuni inayolingana na hiyo ni kuweka idadi ya chini ya walimu kwa shule inayotokana na madarasa, saba au wanane, ndipo uwiano wa vichwa ugawanye waliobaki. Na kuipa kila shule kiasi cha msingi cha ruzuku kisichotegemea idadi ya watoto, ndipo zile elfu sita zijumlishwe juu yake. Pale ambapo kitongoji hakiwezi kamwe kupata walimu saba, basi mtaala uandikwe kwa ajili ya mwalimu anayefundisha madarasa mawili pamoja, afunzwe hivyo chuoni na apewe vitabu vya namna hiyo, badala ya kujifanya kwamba hayupo. Gharama itakuwepo, na huenda ikamaanisha kuchelewesha sehemu nyingine za mageuzi, amali ikiwamo.

Wakati wa kuamua haujafichika. Mwaka wa fedha 2027/28 unaanza Julai 2027, miezi sita tu kabla ya makundi mawili kuingia Kidato cha Kwanza, na ikama ya mwaka huo huandaliwa na halmashauri miezi mingi kabla. Mwalimu ambaye hatakuwa ameombewa nafasi katika makadirio hayo hatakuwepo darasani Januari 2028, hata sera iwe imeandikwa vizuri kiasi gani.